Milango imebaki miwili, mbona si nusu kwa nusu?

*"Habari mtaalamu. Mimi na mdogo wangu tunabishana wiki nzima juu ya fumbo la milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Nachagua mlango wa 1. Mwendeshaji wa mchezo, anayejua gari liliko, anafungua mlango wa 3 na kunionyesha mbuzi, kisha ananiuliza kama nataka kuhamia mlango wa 2. Mdogo wangu anasema nikihama uwezekano wa kushinda unakuwa mara mbili ya nikibaki. Mimi nasema milango iliyobaki ni miwili, basi ni nusu kwa nusu. Tena nilijua tangu mwanzo kwamba ataonyesha mbuzi, maana nyuma ya milango yake hakukosi mbuzi, kwa hiyo hajaniambia jipya. Na je, mtu akiingia sasa hivi bila kujua kilichotangulia, kwake si nusu kwa nusu? Inakuwaje mlango uleule uwe na uwezekano mmoja kwangu na mwingine kwake? Uwezekano uko duniani au uko kichwani mwa mtu? Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mdogo wangu ameipeleka hoja hii kwenye kubeti. Anasema ukishakosa mara nyingi mfululizo, hesabu inakutaka ubadili upande na uongeze dau. Naomba unieleze taratibu, hesabu niliishia sekondari."*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Kuna hesabu ya mlango, kuna swali la uwezekano wenyewe ni kitu gani, na kuna fedha za mdogo wako. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, lakini nitalifikia baadaye kwa sababu linahitaji haya mengine yatangulie. Nikuambie mapema ninakoelekea: kwenye milango mdogo wako yuko sahihi, kwenye kubeti amepotea kabisa, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kitu kimoja ambacho wasimulizi wengi wa fumbo hili hukiruka.

Tuhesabu kwanza. Chukua michezo 300. Gari linafichwa bila upendeleo, kwa hiyo katika michezo kama 100 liko mlango wa 1, katika 100 liko mlango wa 2, na katika 100 liko mlango wa 3. Wewe kila mara unachagua mlango wa 1. Mwendeshaji amefungwa na masharti mawili: haruhusiwi kufungua mlango wako, na haruhusiwi kufungua mlango wenye gari.

Katika ile michezo 100 ambayo gari liko mlango wa 3, hana hiari, lazima afungue wa 2. Katika ile 100 ambayo gari liko mlango wa 2, hana hiari vilevile, lazima afungue wa 3. Katika ile 100 iliyobaki wewe umelenga gari lenyewe, na hapo ana uhuru wa kufungua wa 2 au wa 3. Tuseme anaamua kwa kurusha sarafu, basi mara 50 anafungua wa 2 na mara 50 anafungua wa 3.

Sasa rudi kwenye mchezo wako. Umeona mlango wa 3 ukifunguliwa. Hilo limetokea katika michezo mingapi? Katika 100 ambayo gari liko mlango wa 2, na katika 50 ambayo gari liko kwako. Jumla 150. Ukihama unashinda michezo 100 kati ya hiyo 150, yaani thuluthi mbili. Ukibaki unashinda 50, yaani thuluthi moja.

Nakuomba usiipite haraka ile 50, kwa sababu siri yote imo humo. Mlango wa 3 ukifunguliwa, kuna mawili: ama mwendeshaji amelazimika kuufungua, ama ameupenda tu. Kulazimika hutokea mara mbili zaidi ya kupenda. Wewe uliposema "milango iliyobaki ni miwili" ulihesabu mbao zilizo mbele ya macho yako, ukaacha kuhesabu njia zilizozifikisha hapo. Idadi ya mambo yanayoweza kuwa haikuambii uwezekano wake. Kesho jua litachomoza au halitachomoza, ni mambo mawili, na hakuna anayesema ni nusu kwa nusu.

Hoja yako ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, ila inambeba mdogo wako. Ulisema ulijua mapema kwamba mbuzi angeonyeshwa, kwa hiyo hukupata habari mpya. Kweli kabisa, kuhusu mlango wako hukupata habari mpya. Ulikuwa na thuluthi moja kabla ya mbuzi kuonekana, na kwa kuwa mbuzi angeonekana vyovyote iwavyo, umebaki na thuluthi moja. Nusu yako ingetoka wapi basi? Ili mlango wako upande kutoka thuluthi hadi nusu, lazima kitu fulani kiwe kimekuambia habari zake, nawe mwenyewe umekiri kwamba hakuna. Kuhusu ile milango mingine miwili, hapo umeambiwa mengi. Kwa pamoja ilikuwa na thuluthi mbili, na mmoja wao umeshaonekana ni mtupu. Fungu lote limehamia kwa mwenzake.

Mpaka hapa ni maelezo utakayoyapata kwa yeyote aliyewahi kulifundisha fumbo hili. Sasa nibadilishe kitu kimoja tu.

Mwendeshaji wa leo ni mgeni wa kazi hii. Hajui gari liko wapi. Umechagua mlango wa 1, naye anafungua mmoja wa ile miwili kwa kubahatisha. Unafunguka mlango wa 3, na kwa bahati nzuri anatoka mbuzi. Mbuzi yuleyule, mlango uleule, jukwaa lilelile. Je, uhame?

Tuhesabu tena ile michezo 300. Gari likiwa kwako, mara 50 anafungua wa 2 na mara 50 wa 3. Gari likiwa mlango wa 2, mara 50 anafungua huohuo wa 2 na gari linaonekana, mchezo umeharibika, na mara 50 anafungua wa 3. Gari likiwa mlango wa 3, mara 50 anafungua wa 2, na mara 50 anaufungua wa 3 wenyewe na gari linaonekana. Michezo ambayo mlango wa 3 umefunguliwa na mbuzi akatokea ni ile 50 ambayo gari liko kwako na ile 50 ambayo gari liko mlango wa 2. Hamsini kwa hamsini. Nusu kwa nusu.

Hapa wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Jibu lako lilikuwa jibu la mchezo mwingine, mchezo wa mwendeshaji asiyejua. Macho yako yameona kitu kilekile katika michezo yote miwili, lakini hesabu imebadilika kwa sababu ya kilichokuwa kichwani mwa aliyefungua mlango. Ndiyo maana kila nikiulizwa fumbo la aina hii nauliza mambo mawili kabla ya kushika kalamu: aliyekupa habari alijua nini, na alikuwa amefungwa na kanuni gani?

Ndiyo maana pia siupendi sana ule mfano wa milango mia moja ambao watu huutumia kumshawishi mbishi. Wanasema: chagua mlango mmoja kati ya mia, kisha mwendeshaji afungue 98 yenye mbuzi na kuacha mmoja, huoni kwamba gari liko kwenye huo mmoja? Mfano unashawishi, na kwa mwendeshaji anayejua ni sahihi. Lakini mtu hutoka hapo akidhani wingi wa milango ndio unaofanya kazi. Kama ile 98 ingefunguliwa na mtu anayebahatisha, na kwa bahati ya ajabu yote ikatoa mbuzi, mlango wako na ule uliobaki vingekuwa sawasawa, nusu kwa nusu, hata kwa milango mia.

Kanuni ya mwendeshaji ina matawi mengine. Chukua anayejua gari liliko lakini ni mvivu, anasimama karibu na mlango wa 3, na kila akiwa na hiari anafungua wa 3. Akifungua wa 3, ukihama au ukibaki ni nusu kwa nusu. Akifungua wa 2, maana yake wa 3 ulimkatalia, gari liko pale bila shaka yoyote. Ukijumlisha michezo yote, anayehama bado anashinda thuluthi mbili. Au chukua mwenye hila, anayekupa nafasi ya kuhama pale tu unapokuwa umelenga gari. Huyo ukimsikiliza unapoteza kila mara. Kwa hiyo fumbo lenyewe likisimuliwa bila kutaja kanuni ya mwendeshaji halina jibu, na nusu ya ugomvi wa dunia juu yake umetokana na hilo.

Na ugomvi ulikuwa mkubwa, usione haya kwamba wewe na nduguyo mmelumbana wiki nzima. Mtakwimu Steve Selvin wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilichapisha fumbo hili mwaka 1975 katika jarida la wanatakwimu wa Marekani, na ni yeye aliyelihusisha na jina la Monty Hall, mwendeshaji maarufu wa michezo ya zawadi kwenye televisheni ya nchi hiyo. Halikutikisa watu wengi. Kisha Septemba 1990 Marilyn vos Savant akalijibu katika safu yake ya jarida la Parade: hama, utashinda thuluthi mbili. Barua kama 10,000 zikamiminika, nyingi zikimpinga, na karibu 1,000 kati yake zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu. Wengine walimwandikia kwa lugha ya kumdhalilisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, naye alikataa jibu hilo alipoelezwa na rafiki yake Andrew Vázsonyi, na hakukubali hadi alipoonyeshwa mchezo ukirudiwa mara nyingi kwenye kompyuta. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowapa njiwa mchezo wa namna hii. Njiwa, baada ya kurudia kwa muda mrefu, walijifunza kuhama karibu kila mara. Watu waliopewa mchezo huohuo hawakufika hapo, hata baada ya kurudia sana. Mimi nadhani njiwa walikuwa na faida moja, kwamba hawakuwa na hoja ya kuitetea.

Mwaka 1991 gazeti la New York Times lilimwendea Monty Hall mwenyewe. Aliuelewa mchezo kuliko wengi walioandika juu yake: akamchezesha mwandishi, akimpa nafasi ya kuhama pale alipotaka yeye, na mwandishi akawa anapoteza kila anapohama. Alichokuwa anamwonyesha ni kwamba mwendeshaji asiyebanwa na kanuni anaweza kulipindua jibu lote.

Turudi kwa yule mtu uliyemtaja, anayeingia sasa hivi bila kujua kilichotangulia. Nitamwita mgeni. Anaona milango miwili iliyofungwa, hajui upi ulichaguliwa na upi uliachwa. Kwake ni nusu kwa nusu, umesema kweli. Wala hakuna mgongano na thuluthi mbili zako. Mgeni akichagua bila kujua, nusu ya nyakati ataangukia mlango wenye thuluthi mbili na nusu ya nyakati ataangukia wenye thuluthi moja. Nusu ya thuluthi mbili ni thuluthi moja. Nusu ya thuluthi moja ni sehemu moja ya sita. Zijumlishe, unapata nusu kamili. Mgeni yuko sahihi kwa anachokijua, wewe uko sahihi kwa unachokijua, na gari halijasogea hata inchi moja. Ukimnong'oneza mgeni maneno machache tu, "ule wa kushoto ndio nilioanza nao," naye anapanda papo hapo hadi thuluthi mbili.

Kwa hiyo katika mchezo huu uwezekano hauko nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango kuna gari au mbuzi, basi. Uwezekano ni kipimo cha unachoweza kutarajia kwa habari ulizo nazo, ukizingatia njia zilizokufikisha kwenye habari hizo. Si maoni ya mtu pia. Huwezi kuufanya uwe nusu kwa kutaka iwe nusu, na ukikosea hesabu, michezo 300 itakuumbua.

Jaribu kanuni hii kwenye fumbo jingine uone inavyokata. Martin Gardner, mwandishi wa mafumbo ya hesabu, alilichapisha mwaka 1959: mtu ana watoto wawili, na angalau mmoja ni wa kiume. Kuna uwezekano gani kwamba wote wawili ni wa kiume? Chukua familia 400 zenye watoto wawili: 100 wote wa kiume, 100 wa kwanza wa kiume na wa pili wa kike, 100 kinyume chake, na 100 wote wa kike. Ukipita ukiuliza kila familia "mna angalau mtoto mmoja wa kiume?", familia 300 zitajibu ndiyo, na 100 kati yake zina wavulana wawili. Jibu ni thuluthi moja. Lakini kama umekutana na mtoto mmoja wa familia hiyo kwa bahati tu, na ikatokea kuwa ni mvulana, mambo ni tofauti. Familia 100 za wavulana watupu zitakuonyesha mvulana kila mara. Zile 200 zenye mchanganyiko zitakuonyesha mvulana nusu ya nyakati, yaani 100. Jumla 200, na 100 kati yake zina wavulana wawili. Jibu ni nusu. Sentensi "angalau mmoja ni wa kiume" ni ya kweli katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni namna ulivyoipata. Gardner mwenyewe baadaye alikubali kwamba fumbo kama alivyoliandika lilikuwa na tafsiri zaidi ya moja.

Umeuliza kama uwezekano uko duniani au kichwani, na sitaki uondoke ukidhani kwamba "kichwani" maana yake ni hewa. Wanafizikia wamelala na swali hili zaidi ya karne moja, na walilianza, ajabu, kwa mlango na mlinzi anayejua. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell alimwandikia rafiki yake Peter Guthrie Tait juu ya kiumbe mdogo anayekaa kwenye kitundu kati ya vyumba viwili vyenye gesi ya joto sawa. Kiumbe huyu, ambaye nitamwita jini la Maxwell, anaiona kila molekuli inayokuja. Ikiwa ya kasi anaiachia ipite kwenda kulia, ikiwa ya polepole anaiachia kwenda kushoto. Baada ya muda chumba cha kulia kina joto, cha kushoto kina baridi, na hakuna aliyesukuma kitu. Sheria ya pili ya themodainamiki inakataza jambo hilo: tofauti ya joto haijitengenezi bure. Jini halina kuni wala injini, lina habari tu. Je, habari inatosha kuvunja sheria?

Waliohangaika nalo walipata jibu polepole. Leo Szilard mwaka 1929 alilipunguza hadi molekuli moja ndani ya sanduku, akaonyesha kwamba lazima kuna gharama mahali fulani katika kazi ya jini, na akaiweka kwenye kupima. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya kompyuta ya IBM akaonyesha kwamba kufuta kumbukumbu kuna gharama isiyoepukika: kila biti moja unayoifuta, yaani jibu moja la ndiyo au hapana, hutoa joto angalau kiasi fulani, na katika joto la kawaida la chumba kiasi hicho ni kama jouli (kipimo cha nishati) 3 zikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 21 nyuma yake. Ni kidogo mno, lakini si sifuri. Charles Bennett akafunga hesabu mwaka 1982: kupima kwenyewe, kimsingi, kunaweza kufanyika bila gharama, ila jini lina kumbukumbu yenye mwisho. Likiijaza lazima liifute, na hapo ndipo linalipa kila lilichodhani limepata bure. Mwaka 2012 wanafizikia huko Lyon, Ufaransa, walipima joto hilo kwa punje ndogo sana ya kioo iliyoshikiliwa majini kwa mwali wa leza, na vipimo vikakikaribia kikomo cha Landauer. Kwa hiyo anachokijua mlinzi wa mlango kina uzito katika fizikia, tena uzito unaopimika.

Kuna uwanja mmoja ambako picha ya gari lililotulia nyuma ya mlango haifai tena, nao ni fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba kama chembe zingekuwa zimebeba majibu yao tayari, yakisubiri kufunguliwa, na kama hakuna athari inayoruka kwa kasi kuliko mwanga, matokeo ya vipimo fulani yasingeweza kuvuka kikomo alichokikokotoa. Majaribio yamekivuka. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Wataalamu bado wanabishana maana yake ni nini, na sitajifanya kukumalizia ubishi huo hapa. Kwa milango, karata, sarafu na watoto, maelezo niliyokupa yanatosha.

Sasa mdogo wako na kubeti. Hoja yake inasikika kama ya milango kwa sababu zote mbili zinasema "badili". Lakini kuhama kunalipa katika milango kwa sababu moja tu: kuna mtu aliyejua, na alilazimika kulikwepa gari. Kwenye gurudumu la kamari, lile linalozungushwa na mpira ukaangukia rangi au namba, hakuna aliyejua na hakuna aliyekwepa. Kukosa mara tano hakujafungua mlango wowote. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakapoteza mali nyingi wakizidisha dau kwenye nyekundu kwa imani kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halina kumbukumbu. Gurudumu la Ulaya lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja. Kila linapozungushwa nyekundu ina 18 kati ya 37, iwe nyeusi imetoka mara moja au mara ishirini na sita.

Na hilo la kuongeza dau maradufu kila akikosa lina hesabu yake. Akianza na dau moja na kukosa mara kumi mfululizo, ameshatoa 1,023, na alichokuwa anakifukuzia ni faida ya 1. Kwenye gurudumu hilo mikoso kumi mfululizo huja karibu mara moja katika kila majaribio 800. Kwa hiyo atakusanya moja moja kwa muda, atajiona amegundua siri, halafu siku moja vitaondoka vyote na zaidi. Kubeti kwenye mechi hakumwokoi pia, kwa kuwa kampuni hupanga malipo ili jumla ya uwezekano wa matokeo yote ipite asilimia 100, na hiyo ziada ni yao. Kampuni ikimwita katikati ya mchezo na kumpa nafasi ya kubadili, mwambie aulize swali lile la Monty Hall: hawa wamelazimika kunipa nafasi hii, au wamependa?

Kuhusu milango, msiishie kwenye maneno. Chukueni karata tatu, moja nyekundu na mbili nyeusi. Mmoja awe mwendeshaji anayejua, chezeni mara 60, na mhesabu kila mara kama kuhama kungeshinda. Mtaona karibu 40. Kisha mwendeshaji achanganye karata bila kuangalia na afunue moja kati ya mbili zake kwa kubahatisha. Nyekundu ikifunuka, futeni mchezo huo. Mtafuta kama 20, na katika ile 40 itakayobaki kuhama kutashinda kama 20. Bahati itazisogeza namba hizi kidogo huku na huku, lakini ukiwa umeshika karata mwenyewe utaona kwa mkono wako kinachobadilika kati ya duru ya kwanza na ya pili. Ukikwama, mwalimu yeyote wa takwimu aliye karibu nawe atakaa nawe nusu saa mkalimaliza.

Lakini kwa mdogo wako hesabu inaweza isitoshe. Anayebeti kwa sababu ya kosa la hesabu ataacha ukimwonyesha kosa. Ukimwonyesha, akakubali, na bado akaendelea, au ukigundua anakopa ili abeti, anaficha kiasi anachoweka, au anacheza ili kurudisha alichopoteza jana, basi ujue si fumbo tena. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, na una tiba. Inampasa aonane ana kwa ana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na ni vizuri asiende peke yake. Siku utakapomkalisha, acha karata ndani. Muulize anadaiwa kiasi gani na akina nani, msikilize mpaka amalize, halafu mpangeni siku ya kwenda pamoja.